Kuacha king'amuzi na kuhamia mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kifurushi kinapoisha na kioo kubaki na maandishi ya kudai malipo, swali hurudi sebuleni: kwa nini tusiachane na king'amuzi, tukaangalia mambo yetu Netflix na YouTube? Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya nyumba za Tanzania na Kenya hasa, pamoja na ndugu walio nje ambao huulizwa mambo haya kwenye simu kila wiki.

Ushauri mkuu wa majibu haya ni huu: hesabu intaneti kwanza, kisha mpira, ndipo uongelee filamu. Wanaoanza na filamu ndio wanaorudi kwa fundi wa dishi baada ya miezi miwili wakiwa wametumia pesa nyingi kuliko zamani. Bei zinazoanza na neno "tuseme" ni za mfano tu. Weka za kwako mahali pake.

## Mambo ya msingi

1. Kuacha king'amuzi maana yake ni nini hasa?

Ni kuacha kulipia kifurushi cha chaneli kinachokuja kwa dishi, antena au waya, na badala yake kuangalia vipindi kupitia intaneti. Huduma za mtandaoni ziko za aina tatu. Kuna za filamu na tamthilia unazochagua mwenyewe, kama Netflix. Kuna za bure zenye matangazo, na hapa YouTube ndiyo mama lao. Halafu kuna programu za kampuni zilezile za ving'amuzi, kama Azam Max au StarTimes ON, zinazokuletea chaneli za moja kwa moja kwenye simu.

Watu wengi husahau aina hiyo ya tatu. Kuhamia mtandaoni si lazima kuikimbia kampuni uliyoizoea. Wakati mwingine ni kuachana na dishi lake tu.

2. Je, kweli nitaokoa pesa?

Inategemea jambo moja kuliko mengine yote: je, tayari una intaneti ya mwezi mzima nyumbani, isiyopimwa kwa GB?

Kama unayo, jibu mara nyingi ni ndiyo. Intaneti unailipia kwa sababu ya kazi, shule na simu, kwa hiyo kuongeza huduma moja ya filamu na kuondoa kifurushi kikubwa ni faida ya wazi.

Kama huna, hesabu inageuka. Tuseme king'amuzi chako ni Sh 35,000 kwa mwezi, na watu wanne wa nyumbani hununua bando la Sh 15,000 kila mmoja. Jumla ni Sh 95,000. Sasa unaingiza faiba ya Sh 70,000 na huduma ya filamu ya Sh 20,000, na bando za simu zinashuka hadi Sh 20,000 kwa wote wanne kwa kuwa nyumbani wanatumia Wi-Fi. Jumla mpya ni Sh 110,000. Umepata intaneti nzuri, ndiyo, lakini hukuokoa kitu. Umeongeza Sh 15,000.

Rudia hesabu hiyohiyo kwa nyumba iliyokuwa na kifurushi kikubwa cha Sh 120,000. Zamani ilikuwa inatoa Sh 180,000 kwa pamoja, sasa inatoa Sh 110,000, na Sh 70,000 zinabaki mfukoni kila mwezi. Kwa hiyo anayelipia kifurushi kikubwa ndiye mwenye cha kuokoa. Mwenye kifurushi kidogo asikubali kushawishika kwa sababu jirani yake kahama.

3. Nahitaji vitu gani?

Intaneti ya kutosha (maswali ya 4 hadi 7), kioo kinachoweza kuipokea (swali la 8), na njia ya kulipa (swali la 13). Ongeza antena ya kawaida kwa ajili ya chaneli za bure. Swali la 10 linaeleza kwa nini mimi huiona kuwa nusu ya mafanikio yote.

## Intaneti na bando

4. Filamu moja inakula GB ngapi?

Kinachoamua ni ubora wa picha. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba ubora wa chini kabisa hutumia hadi GB 0.3 kwa saa, wa kati hadi GB 0.7, picha ya kawaida hadi GB 1, HD hadi GB 3, na 4K hadi GB 7. Huduma nyingine haziko mbali sana na hapo.

Ukitaka kuhesabu mwenyewe, kila Mbps 1 (kipimo cha spidi ya intaneti) inayopita mfululizo kwa saa nzima ni GB 0.45. Video inayovuta Mbps 5 itakuwa imekula GB 2.25 saa inapokwisha.

Sasa fikiria sebule halisi, si mtu mmoja na filamu yake. TV huwashwa watoto wanapotoka shule na kuzimwa usiku. Saa tatu tu kwa siku, kwa picha ya kawaida ya GB 1 kwa saa, ni GB 90 kwa mwezi. Kwa HD ni hadi GB 270. Dishi halina habari na hesabu hii: TV ikiwaka kutwa nzima hakuna anayeangalia, gharama ni ileile. Mtandaoni, TV inayoongea peke yake inakula GB sawasawa na inayoangaliwa. Tabia hiyo ya kuiacha iwake ndiyo ya kwanza kubadilika, la sivyo usihame.

5. Je, naweza kutumia bando la simu badala ya kufunga intaneti nyumbani?

Kwa TV ya familia, hapana. Tuseme GB 1 inakugharimu Sh 2,000. Zile GB 90 za swali la 4 ni Sh 180,000. Hakuna kifurushi cha kati cha king'amuzi kinachofika huko.

Kwa mtu mmoja anayeangalia kwenye simu, hapo inawezekana. Weka ubora wa chini, kwa sababu kwenye kioo cha inchi sita tofauti ni ndogo: hali ya kubana matumizi ya Netflix hukupa kama saa sita kwa GB 1. Njia bora zaidi ni kupakua. Nunua bando la usiku ambalo bei yake ni nafuu, pakua vipindi vya wiki nzima ukiwa umelala, kisha uviangalie mchana bila kugusa bando. Netflix inaruhusu, na programu nyingi kubwa zina kitufe hicho. Angalia tu muda wa kuisha, kwa sababu vilivyopakuliwa havidumu milele.

6. Nahitaji spidi gani?

Mapendekezo ya Netflix ni Mbps 3 kwa HD ya 720p, Mbps 5 kwa 1080p na Mbps 15 kwa 4K. Hizo ni kwa kioo kimoja. TV ikiwa hewani huku mtoto mmoja yuko YouTube na baba yuko kwenye mkutano wa video, laini ya Mbps 15 hadi 20 inatosha bila ugomvi. Huhitaji Mbps 100 kwa ajili ya tamthilia, hata muuzaji akisema nini.

Picha ikikwamakwama jioni tu na mchana iko sawa, tatizo ni msongamano wa mtandao, si TV yako. Pima spidi saa tatu usiku kabla ya kusaini chochote. Ruta nayo isikae nyuma ya friji au chumba cha mwisho; ukuta wa tofali unakula mawimbi. Waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi kwenye TV ni bei ndogo na unamaliza malalamiko mengi.

7. Faiba haijafika mtaani kwetu. Nifanyeje?

Ulizia kwanza vizuri, kwa sababu faiba inasambaa mtaa kwa mtaa, na mara nyingi nguzo ya jirani tayari inayo. Tanzania TTCL wana mpango wao wa Faiba Mlangoni Kwako. Kenya kuna Safaricom, Zuku, Faiba ya JTL na wengine.

Isipokuwepo, kuna ruta za 4G na 5G za malipo ya mwezi. Hapa soma masharti kwa makini: maneno "isiyo na kikomo" mara nyingi huja na kiwango ambacho ukikivuka spidi inashuka hadi mwisho wa mwezi. Muulize muuzaji swali moja tu: baada ya GB ngapi spidi inashuka, na inashuka hadi Mbps ngapi? Ikishuka chini ya Mbps 3, TV yako ya wiki ya mwisho ya mwezi imekufa.

Kenya ina pia Starlink, intaneti ya setilaiti, tangu Julai 2023, na kwa watu wa mbali na mji imekuwa mkombozi wa kweli. Lakini vifaa vyake hununuliwa kwanza, na pesa hiyo ni akiba ya miezi mingi. Kuifunga kwa ajili ya kuacha king'amuzi peke yake hakuna mantiki. Ifunge kama una biashara au kazi inayoihitaji, filamu zije kama nyongeza.

Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo, baki na king'amuzi. Hilo ni jibu halali kabisa.

## TV na vifaa

8. TV yangu si janja. Lazima ninunue nyingine?

Huna haja. TV yoyote yenye tundu la HDMI inaweza kuongezewa kijiti au kisanduku cha Android TV, Fire TV au Roku, na kitagharimu sehemu ndogo tu ya bei ya TV mpya. Njia ya bure zaidi ni waya wa HDMI kutoka kwenye kompyuta mpakato.

Jambo moja linawaumiza wengi: kifurushi cha Netflix cha bei ya chini kabisa, kile cha simu, hufanya kazi kwenye simu na tableti tu. Hakirushi picha kwenye TV. Watu hulipia, wanarudi nyumbani kwa furaha, na TV inakataa. Soma aina ya kifurushi kabla ya kulipa.

9. Nimenunua kisanduku cha bei rahisi Kariakoo. Picha ya Netflix ni hafifu ingawa intaneti ni nzuri. Kwa nini?

Kwa sababu kisanduku chenyewe hakijaidhinishwa. Huduma kubwa hulinda picha zao kwa mfumo unaoitwa Widevine, wenye madaraja. Kifaa cha daraja L1 hupata HD. Cha L3 huishia 480p, yaani picha ya kawaida, hata ukiwa na Mbps 100. Visanduku vingi visivyo na jina ni L3, na hakuna mpangilio utakaobadilisha hilo. Kabla ya kununua, hakikisha kifaa kina idhini ya Netflix na ni Android TV au Google TV halisi, si Android ya simu iliyobandikwa kwenye kisanduku.

Kuna hatari kubwa kuliko picha. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, programu hasidi iliyokutwa kwenye visanduku vya TV na vifaa vingine vya bei nafuu. Baadhi vilikuwa nayo tangu kiwandani. Kifaa cha namna hiyo hukaa ndani ya Wi-Fi yako na kuwapa wahalifu njia ya kupitishia shughuli zao kwenye laini yako. Kisanduku kinachojisifu kwamba "kimefunguliwa chaneli zote bure", au kinachokutaka uzime ulinzi wa Google Play, kiache dukani.

## Chaneli, mpira na tamthilia

10. Nikiacha kulipia, nitapata wapi taarifa ya habari na chaneli za nyumbani?

Bure, kwa antena. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bila sababu: kuna nyumba zinalipia kifurushi mwezi hadi mwezi kumbe zinachoangalia ni habari, ibada na mchezo wa kuigiza wa chaneli ya nyumbani.

Kenya, tangu mtambo wa analojia ulipozimwa mwaka 2015, chaneli kama Citizen, KTN, NTV na KBC hurushwa bila malipo kwa mfumo wa dijitali wa antena, DVB-T2. TV nyingi za sasa zina kipokezi hicho ndani. Unachomeka antena, unaiambia TV itafute chaneli, basi. Kama TV ni ya zamani, king'amuzi cha bure hununuliwa mara moja na hakina malipo ya mwezi.

Tanzania uhamaji ulianza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Chaneli za bure kama TBC1, ITV, Channel Ten, Star TV na Clouds zilipangwa kupitia ving'amuzi vya antena, na zinatakiwa kuonekana hata kifurushi kikiisha. Ving'amuzi vya dishi vilikuwa na leseni za chaneli za kulipia tu, na hilo ndilo lililofanya mwaka 2018 chaneli hizo ziondolewe kwa muda kwenye Azam, DStv na Zuku. Kwa anayetaka kuacha kulipia, king'amuzi cha antena ni rafiki kuliko cha dishi.

Vituo vingi pia huweka taarifa zao YouTube, baadhi moja kwa moja. Ni njia nzuri ya akiba, ila antena haili bando.

11. Na mpira?

Swali hili ndilo huvunja mipango mingi, kwa hiyo jibu lake ni refu.

Ligi Kuu ya England kwa nchi zetu za kusini mwa Sahara ipo SuperSport, yaani MultiChoice, kampuni ya DStv, ambayo tangu Septemba 2025 iko chini ya Canal+ ya Ufaransa. Netflix haina ligi hiyo, YouTube haina mechi nzima. Ligi Kuu ya Tanzania Bara ipo Azam: mwaka 2021 walisaini na TFF, shirikisho la soka la Tanzania, mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya Sh bilioni 225.6. Anayekuambia kuna njia halali ya kuziona zote kwa huduma moja ya bei ndogo anakudanganya. Angalia swali la 17.

Kinachowezekana ni kupunguza. Kwanza, programu za kampuni hizo: shabiki wa Simba au Yanga anaweza kupima Azam Max dhidi ya kifurushi cha dishi, hasa kama intaneti anayo tayari. Pili, kalenda. Ligi ya England huanza Agosti na kuisha Mei. Anayelipia kifurushi cha mpira Juni na Julai analipia marudio. King'amuzi cha malipo ya kabla hakikulazimishi; kiache kilale miezi hiyo. StarTimes huuza hata vifurushi vya siku na vya wiki.

Tatu, kibanda umiza. Simaanishi kwa dharau. Kama timu yako unaifuatilia kwa mechi nne au tano za mwezi, kiingilio cha kibandani kwa mechi hizo ni kidogo sana ukilinganisha na kifurushi kikubwa cha mwezi, na kelele zake huzipati sebuleni. Hesabu mechi ulizoangalia kwa dhati mwezi uliopita, gawa bei ya kifurushi kwa idadi hiyo, uone kila mechi imekugharimu shilingi ngapi.

Ujue pia kwamba picha ya mtandaoni huchelewa, mara nyingi nusu dakika au zaidi nyuma ya dishi. Jirani mwenye dishi atashangilia bao ambalo kwako bado ni kona. Kwa wengine hilo tu linatosha kubaki na king'amuzi, na siwalaumu.

12. Mama anapenda tamthilia za Kituruki za Kiswahili, na watoto wanataka katuni. Zipo mtandaoni?

Katuni zipo tele. Vipindi vya Ubongo vya Tanzania, vyenye hesabu na sayansi kwa Kiswahili, vimejaa YouTube bure, na Kenya kuna Akili Kids, chaneli ya watoto iliyoanza Machi 2020 na kurushwa bure kwa antena. Weka YouTube Kids badala ya YouTube ya kawaida, na uweke kikomo cha muda, kwa ajili ya macho yao na kwa ajili ya GB.

Tamthilia ni ngumu zaidi. Zile zilizoingizwa sauti za Kiswahili zimetengenezwa na vituo vyenyewe, Azam wakiongoza. Tamthilia ileile ukiikuta kwenye huduma ya nje itakuwa na sauti ya Kituruki na maandishi ya Kiingereza, na mama hatakubali. Mheshimu. Yeye ndiye anayeiangalia TV kuliko wote nyumbani, na mpango wa akiba uliomnyima kipindi chake cha jioni hautafika mwezi wa pili.

## Malipo

13. Sina kadi ya benki. Nitalipaje?

Kwa kadi ya mtandaoni inayotengenezwa ndani ya huduma ya pesa kwenye simu. Kenya, M-Pesa GlobalPay ya Visa ilianza mwaka 2022. Tanzania mitandao mikubwa nayo ina kadi za namna hiyo ndani ya programu zake. Unaweka pesa, unapata namba za kadi, unazijaza kwenye huduma.

Angalia sarafu. Huduma ikitoza kwa dola, malipo yako yatapanda na kushuka na thamani ya shilingi, na makato ya kubadilisha fedha yatakuwepo. Kodi nayo: huduma za kidijitali kutoka nje hutozwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT), ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na asilimia 16 Kenya. Linganisha pesa iliyotoka kwenye simu, si bei iliyoandikwa kwenye tangazo.

14. Nisipolipa, huduma itajikata yenyewe kama king'amuzi?

Hapana, na tofauti hii imewatoa watu pesa nyingi. King'amuzi chetu ni cha malipo ya kabla: usipolipa kinazima, hudaiwi. Huduma za mtandaoni hufanya kinyume. Ukishaweka kadi, zinakata kila mwezi mpaka uingie kwenye akaunti na kusitisha mwenyewe. Kufuta programu kwenye simu hakusitishi chochote.

Ulinzi rahisi ni kadi ile ya swali la 13: weka kiasi cha mwezi mmoja tu. Au sitisha siku ileile uliyolipia. Huduma nyingi, Netflix ikiwemo, zitakuacha uangalie hadi siku zako ziishe.

15. Naweza kugawana akaunti na dada yangu anayeishi Mwanza?

Zamani ilikuwa kawaida. Tangu Mei 2023 Netflix imebana katika nchi nyingi: akaunti ni ya nyumba moja, na kifaa kisichotumia Wi-Fi ya nyumba hiyo kinaweza kuzuiwa. Ndani ya nyumba moja, gawaneni bila shaka yoyote. Kila mtu atengenezewe wasifu wake, na wa watoto uwe na kikomo cha umri. Usiweke kwenye mpango wako wa akiba nusu ya bei inayotegemea ndugu wa mji mwingine.

16. Nilipie huduma ngapi?

Moja kwa wakati mmoja. Maliza unachokitaka mwezi huu, sitisha, mwezi ujao hamia nyingine. Hakuna mkataba unaokuzuia, na historia yako utaikuta ukirudi. Ukiwa na tatu kwa pamoja, umejijengea king'amuzi kingine chenye bili tatu.

Usitegemee bei au ofa ibaki milele. Kenya ilipewa Netflix ya bure kwenye simu Septemba 2021. Ilipofika Novemba 2023 ikafungwa. Rudia hesabu ya swali la 2 kila baada ya miezi sita.

## Mazingira ya pekee

17. Kuna jamaa anauza chaneli zote za dunia kwa bei ya soda. Nimpe?

Usimpe. Hizo ni chaneli zilizoibwa na kurushwa upya. Hufa katikati ya mechi kubwa kwa kuwa wenye haki huzisaka wakati huohuo, pesa uliyolipa ya mwaka hairudi, na programu yake umeiingiza kwenye kifaa chenye akaunti zako. Anayeibiwa pia ni ligi yetu: ule mkataba wa Azam na TFF ni pesa inayoingia kwenye klabu.

18. Je, nitumie VPN (programu ya kuficha niko nchi gani) kupata filamu za Marekani?

Kwa akiba haikusaidii. VPN nzuri ina bili yake na inapunguza spidi. Huduma nyingi pia zinaitambua na kuizuia. Kwa mkazi wa Tanzania kuna jambo la kisheria: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliwataka watumiaji wa VPN kujisajili. Usiingie huko kwa sababu ya filamu.

19. Intaneti ikikatika nchi nzima?

TV yako ya mtandaoni inazima. Imetokea. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Afrika Mashariki yote ikaenda mwendo wa kinyonga kwa siku kadhaa. Tanzania intaneti ilizimwa tena kuanzia 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi. Siku za namna hiyo ndizo ambazo kila nyumba inataka habari kuliko siku nyingine, na mwenye antena au redio ndiye aliyekuwa na cha kusikiliza. Ni sababu nyingine ya kufuata swali la 10.

20. Naishi Marekani na bili ya kebo imenishinda. Ushauri ni uleule?

Sehemu kubwa ni rahisi zaidi kwako, kwa kuwa intaneti ya nyumbani isiyopimwa ni kawaida. Ila kebo ya huko ina mitego yake: mkataba wenye faini ya kuvunja mapema, ada ya kukodi kisanduku, na punguzo la intaneti linaloondoka ukiiacha TV. Piga simu uulize bei ya intaneti peke yake kabla ya kukata. Kisanduku kirudishe na utunze risiti, la sivyo watakutoza.

Antena ya bei ndogo itakupa ABC, CBS, NBC, Fox na PBS bure ukiwa karibu na mji. Kuwa mwangalifu na huduma zinazoiga kebo mtandaoni: YouTube TV ilianza mwaka 2017 kwa dola 35 kwa mwezi, na Januari 2025 ikafika dola 82.99. Ukifika hapo umerudi kwenye bili uliyoikimbia. Habari za nyumbani utazipata YouTube. Taarifa ya saa mbili usiku ya Dar inasomwa ikiwa saa saba mchana New York wakati wa kiangazi, na saa sita wakati wa baridi.

21. Wazazi wako kijijini. Niwahamishe na wao?

Usiwahamishe, isipokuwa wameomba. Mtandao wa kijijini unayumba, na rimoti yenye programu ishirini inamsumbua mtu aliyezoea kubonyeza namba ya chaneli. Wanunulie king'amuzi cha antena kama mawimbi yanafika. Kama hayafiki, walipie kifurushi kidogo cha dishi kutoka kwenye simu yako. Kwao hiyo ndiyo njia ya bei nafuu.

22. Dishi na king'amuzi cha zamani nivifanyeje?

Viache mahali pake kwa msimu mzima wa ligi. Usiuze mwezi wa kwanza. Ukitaka kurudi kwa ajili ya mashindano fulani utalipia kifurushi tu, bila kununua vifaa upya na kumlipa fundi. Andika namba ya kadi ya king'amuzi mahali salama, kwa sababu ndiyo inayohitajika kulipia. Msimu ukiisha na hujakiwasha hata mara moja, kiuze pamoja na rimoti na adapta yake, na ukikabidhi hakikisha mnunuzi amehamisha usajili kwenda kwa jina lake.